Sakafu ya Moto ya Bibi Gertruda

Habari hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nilisema ilimpata fundi mmoja wa Namswea. Nilidanganya. Fundi huyo ni mimi, Kilian, na bibi nitakayemtaja ndiye aliyemzaa mama yangu. Naona aibu hata kuandika.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha malori yao hadi kwetu Matiri. Watu waling'oa nyasi wakaezeka bati, na redio kubwa zikapiga kelele kila kitongoji. Mjomba Sixtus hakutaka redio. Alitaka mama yake, Bibi Gertruda, aoge bila kutetemeka, maana Juni ya kwetu haina huruma na miguu ya bibi ilikuwa imekwisha kwa baridi. Mimi nikajitia ujuzi. Niliwahi kusaidia ujenzi kwenye nyumba ya mapadre, nikaona mabomba ya maji moto yakipitishwa chini ya sakafu.

"Hiyo kazi ndogo, mjomba," nikamwambia. Pipa la maji likae motoni jikoni, bomba litoke pipani, lijikunje chini ya sakafu ya bafu, kisha lirudi.

Bibi alipelekwa kwa mama mdogo Gaudiosa, binti yake, ili akirudi akute mambo tayari. Angekuwepo, angetuzuia.

Bafu tulilijenga nyuma ya nyumba, palepale palipokuwa na ua wa matete ambamo wanawake walioga miaka yote. Nikiwa nachimba peke yangu, jembe likagonga chungu. Kilikuwa kimefukiwa mdomo chini, kimezibwa kwa udongo mweupe. Nikakipasua. Ndani mlikuwa na majivu na vifupa vyembamba. Nilijiambia ni vya kuku. Nilijua si vya kuku.

Ningemwita mjomba. Lakini wakulima watatu walishaniomba sakafu kama hiyo, na nilikuwa na njaa ya sifa. Vigae vya chungu hutunza joto, basi nikavipanga chini ya bomba. Vifupa nikavisukumia humohumo na kokoto. Nikamwaga zege.

Bibi aliporudi alicheka kama msichana, akatubariki. Saa kumi alasiri, ukungu umeshuka, akaingia kuoga. Alitoka upesi, povu likiwa bado mgongoni, khanga ameishika kwa mkono mmoja. Akanivuta pembeni.

"Mlipochimba mlikuta nini?" akanong'ona.

"Hakuna kitu, bibi."

"Chungu?"

"Hakuna."

Ndipo akaniambia, macho yake yakitazama chini, jambo ambalo wanaume wa ukoo wetu hatuambiwi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa bila kulia. Wanawake walimzika pale maji ya kuogea yanapodondokea, ili alale pabaridi.

"Sasa anaungua, mjukuu wangu. Kama ulimwona, niambie alipo nimtoe."

Nikarudia uongo wangu.

Bibi akaamuru moto uzimwe. Pipa likapoa. Bomba nalo likapoa, nililishika mwenyewe. Sakafu haikupoa. Ukimwaga maji yalibaki kila mahali isipokuwa katikati. Hapo palikauka mara moja, upana wa ungo mdogo.

Basi bibi akaanza kuteka maji kijitoni. Asubuhi, mchana, jioni. Miguu mitupu, ndoo kichwani, anamwaga sakafuni na kubembeleza kwa sauti ya chini. Mjomba alidhani ni uzee, akamzuia, akalia mbele yake. Bibi akampita na ndoo yake.

Siku moja alipokwenda kuteka, nikaingia. Nikalala kifudifudi. Nikaweka sikio.

Kitu kilipumua. Pumzi fupi. Za haraka.

Kisha kikanyamaza, kikanisikiliza.

Hata hapo sikusema. Siku ya tisa kifua kikambana bibi. Nikakaa kando ya kitanda chake, ukweli ukiwa mdomoni tayari, na mjomba amesimama nyuma yangu.

"Kilian, yuko wapi?"

"Sijui, bibi."

Akageukia ukutani. Alikata roho akiwa amenipa mgongo.

Baada ya maziko mjomba akaniambia nivunje ile sakafu. Kipande cha katikati kilitoka kizima. Chini yake vigae vilikuwepo, vifupa havikuwepo. Nikakigeuza. Upande wa chini zege lilikuwa limebonyea: nyayo mbili ndogo, vidole vyote kumi. Zilisukuma kwenda juu.

"Kuna nini?" mjomba akauliza kutoka uani.

"Hakuna kitu."

Nikakitoa nje, nikakilaza kifudifudi karibu na mlango wa jikoni. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mama mdogo Gaudiosa akaja na sufuria za matanga, hana viatu, akakikanyaga. Akasimama. Akatua sufuria, akainua ukingo wake, akachungulia chini. Halafu akanitazama, na mimi nikatazama mikono yangu.

Alivua kitenge cha mabegani, akakifunga kile kipande, akakipakata kifuani. Alipopita mbele yangu nikaona kitenge kikitikisika. Akakipapasa polepole. "Basi, basi," akasema, akashika njia ya kijitoni.

Manyunyu yaliendelea. Pale kilipokuwa kimelala, ardhi haikulowa. Nikasikia mjomba anakuja, nikapakanyaga kwa miguu yote miwili ili asipaone. Nyayo zangu zikaanza kuungua. Sikuondoka.