Nafasi ya Mshono kwenye Bili

Gesi ilizimika kabla uji wa pacha haujachemka. Mama Pacha akauinua mtungi, akautikisa. Ulikuwa mwepesi.

"Baba Pacha, gesi imekwisha."

Mumewe alikuwa kibarazani akiziba pancha. Yeye ni fundi baiskeli, na kila asubuhi huwa na gurudumu la mtu mikononi.

"Si tulitenga pesa ya gesi?"

"Tulitenga."

"Basi nipe nikanunue."

Mama Pacha akaitazama sufuria. "Haipo. Niliilipa Jumamosi, nilipokwenda kula na wenzangu."

Mumewe hakufoka. Aliliegemeza gurudumu ukutani. "Ulikula nini?"

"Wali na maharage."

"Mke wangu! Wali na maharage vimemeza mtungi mzima wa gesi?"

Mama Pacha akacheka. Halafu kicheko kikageuka, machozi yakaanza kumtoka. "Siendi tena," alisema. "Mwisho wa mwezi nitawaambia naumwa."

Mumewe alishangaa. Aliwajua hao wenzake. Wote wanne walishona katika duka moja. Mwenye duka aliitwa Dada Mkubwa. Mpima alikata vitambaa. Kifungo, mwembamba na mwenye maneno mengi, alitia vifungo na pindo. Pacha walipolazwa hospitali, wanawake hao watatu ndio waliopokezana kukaa na mama yao. Kuwakimbia watu kama hao halikuwa jambo dogo.

Wakati huo wifi yake aliingia. Alikuwa dada wa Baba Pacha, na aliishi nyumba ya pili. Alikuwa mhudumu wa mgahawa, na siku hiyo alikuwa zamu ya mchana.

"Wanangu wanalia njaa mpaka kwangu nasikia," alisema. "Wapelekeni, uji wangu umeshaiva. Na wewe wifi, macho yamekuwaje?"

Baba Pacha akawabeba watoto, mmoja kila mkono. Mawifi wakabaki jikoni.

"Wifi, nikikueleza utanicheka," alisema Mama Pacha.

"Nikikucheka, nawe utanicheka siku yangu. Sema."

"Kila mwisho wa mwezi tunakwenda kula. Pesa nashika mimi. Walinichagua kwa sababu sipendi ugomvi."

"Ehe! Hapo ndipo ulipopatikana."

"Kila mtu ananipa bei ya sahani yake. Jumamosi Dada Mkubwa alikula samaki, akanipa elfu tisa. Mpima alikula kuku, elfu nane. Kifungo alikula chipsi na mayai, elfu tano. Mimi wali wangu elfu nne."

"Hizo ni elfu ishirini na sita. Mlikunywa nini?"

"Jagi la juisi, elfu sita. Na saladi ya meza nzima, elfu mbili."

"Nani alilipia juisi na saladi?"

Mama Pacha akajigusa kifuani.

"Na bakshishi ya mhudumu?"

"Wanasema tuache moja katika kumi. Kisha wanatangulia mlangoni."

"Kwa hiyo ulilipa kiasi gani?"

"Elfu kumi na tano na mia nne."

Wifi hakucheka. Alimshika mkono. "Nikikusanya vyombo, mara nyingi namwona mtu kama wewe," alisema. "Wenzake wamesimama mlangoni wanapiga soga, yeye kabaki anapekua mkoba. Hunitazama kama aliyefanya kosa. Na hajafanya kosa lolote."

"Wao pia si wezi, wifi."

"Nani kasema ni wezi? Hawajui tu. Hebu tuhesabu."

Alichukua vijiko vinne akavipanga mezani, kijiko kimoja kwa kila mtu.

"Kwanza, mtu alipe alichokula peke yake. Hilo mnalifanya. Pili, vya pamoja vigawanywe kwa waliovitumia. Juisi na saladi ni elfu nane. Mko wanne. Kila kijiko kinapata ngapi?"

"Elfu mbili."

"Sasa jumlisha. Dada Mkubwa, tisa na mbili, kumi na moja. Mpima, elfu kumi. Kifungo, elfu saba. Wewe, elfu sita. Zote ni elfu thelathini na nne. Ndiyo bili yenu?"

"Ndiyo yenyewe!"

"Tatu, bakshishi. Asilimia kumi ni moja katika kumi. Katika elfu kumi unatoa elfu moja. Ukitaka kuhesabu haraka, ondoa sifuri moja ya mwisho. Elfu sita ukiondoa sifuri moja?"

"Mia sita."

"Basi sehemu yako ni elfu sita na mia sita. Umemaliza."

Mama Pacha alikitazama kijiko chake. Aliwaza zile elfu kumi na tano. "Je, tukigawana bili sawa kwa sawa?"

"Ni rahisi, kama mmekula vya bei inayokaribiana. Vinginevyo mla maharage anamlipia mla samaki. Jumamosi kila mmoja angetoa elfu tisa, mia tatu na hamsini. Haki hiyo?"

"Si haki. Na bakshishi ni lazima?"

"Kwetu si faini, hakuna atakayekukamata. Ni asante. Sisi inatusaidia sana, sikufichi. Lakini ni asante ya meza nzima, si ya mtu mmoja. Mkono ukiwa mtupu, toa kidogo. Ila kabla ya kutoa, soma chini ya bili. Mahali pengine huduma imeshaongezwa. Ukitoa tena, umetoa mara mbili."

"Sawa. Lakini nitawaambiaje? Dada Mkubwa ndiye ananilipa mshahara."

"Waambie kabla hamjaagiza. Watu wakishashiba, maneno ya pesa huwa machungu."

Siku mbili nzima Mama Pacha alikwenda kazini na maneno hayo mdomoni, akarudi nayo nyumbani. Siku ya tatu, Mpima alitandaza kitambaa cha gauni mezani. Alipima kiuno, akachora alama kwa chaki.

Mama Pacha akasogea. "Mpima, mbona hukati kwenye kipimo chenyewe?"

"Shoga, leo umeanza kazi? Nikikata hapo, mwenye gauni hatapumua. Lazima niache nafasi ya mshono."

"Basi sisi tukienda kula, huwa tunakata kwenye kipimo chenyewe. Tunalipa sahani tu. Juisi, saladi na bakshishi hatuziachii nafasi."

Mkasi ukasimama. "Kwani hizo huwa analipa nani?" aliuliza Mpima.

Kifungo alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja. Kisha wote watatu wakamgeukia Mama Pacha, naye akaiinamia cherehani yake.

"Wewe?" alisema Dada Mkubwa. "Muda wote huu?"

"Niliona aibu kusema, dada."

"Mimi nilidhani ile bei ya sahani ina kila kitu! Nikajisemea, mgahawa huu ni nafuu. Kumbe unafuu wenyewe ni wewe!" Dada Mkubwa akashika kichwa. "Na ukanyamaza kama cherehani isiyo na uzi. Mama Pacha, mimi naogopesha kiasi hicho?"

"Kidogo," alisema Kifungo.

"Wewe Kifungo nyamaza, nawe unadaiwa!"

Wakacheka, ingawa Mpima alifuta macho. Mama Pacha akaleta vijiko vya chai, akawapangia hesabu kama alivyofundishwa. Alianza kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye bakshishi, alikuwa anawauliza maswali kama mwalimu. Wakaona kwamba Jumamosi ile Dada Mkubwa alipunguza elfu tatu na mia moja, Mpima elfu tatu, na Kifungo elfu mbili na mia saba. Wawili wakalipa palepale. Kifungo aliomba mpaka Ijumaa, akakubaliwa. Jioni hiyo Mama Pacha alinunua gesi.

Mwisho wa mwezi hakusema anaumwa. Walikaa meza yao ya siku zote, dirishani. Mhudumu alipofika, Mama Pacha alimwinulia mkono.

"Subiri kidogo, dada. Jamani, juisi ya jagi ni ya nani na nani?"

"Mimi nitakunywa maji yangu," alisema Kifungo. Ilikuwa chupa aliyojaza dukani.

"Basi elfu sita kwa watatu. Elfu mbili kila mmoja. Saladi?"

"Leo hatuli majani," alisema Dada Mkubwa.

Mama Pacha aliagiza kuku. Mpima akamkazia macho. "Na maharage yako unayoyapenda?"

"Nani alikwambia nayapenda? Niliagiza cha bei ndogo kwa sababu nilijua kitakachonifika mwishoni."

Mpima alimshika bega.

Bili ilipoletwa, Dada Mkubwa alikuwa wa kwanza kutoa pesa. Alishaondoa sifuri yake, akahesabu na bakshishi.

"Ngoja, dada. Tusome chini kwanza," alisema Mama Pacha. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ambao mwezi uliopita haukuwapo: huduma, asilimia kumi, imeongezwa. "Ile moja katika kumi imo humu humu. Kila mtu alipe sehemu yake kama alivyohesabu, tusiache nyingine juu."

Yeye mwenyewe alidaiwa kuku elfu nane, juisi elfu mbili, na huduma elfu moja. Alilipa elfu kumi na moja. Pesa zote zilitimia. Hakuna aliyepekua mkoba mara ya pili.

"Basi tumepata mhasibu," alisema Dada Mkubwa. "Mama Pacha, pesa ushike wewe siku zote."

Mama Pacha alikunja mikono yake mapajani.

"Hapana," alisema. "Mwezi ujao ashike Kifungo. Kisha Mpima. Kisha wewe, dada. Hesabu mnaijua sasa."

Kabla ya hapo hakuwahi kuwaambia hapana. Alisubiri mtu anune.

"Mimi kushika pesa?" alisema Kifungo. "Mtakula mawe!"

Meza nzima ikaangua kicheko, na Mama Pacha akacheka kuliko wote. Hakuna aliyetangulia mlangoni. Walikaa pale mpaka jagi likaisha.