Nguo Inayonuka Bahari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Librada alikuwa na kazi mbili. Alipeleka ndoo ya mahindi yaliyochemshwa kwenye mashine ya kusaga, kisha akakunja nyuzi za babu yake. Kazi ya kwanza aliifanya akiimba. Ya pili aliifanya akiwa amebandika kipande cha ndimu puani.

Nyuzi zenyewe zilikuwa za pamba, za rangi ya zambarau iliyokolea. Mtu aliyeziona kwa mbali alizipenda, lakini aliyezisogelea alirudi nyuma. Zilinuka kama samaki aliyesahauliwa juani, kisha akasuguliwa kwa kitunguu saumu kilichooza. Harufu hiyo haikuwa ya siku mbili tatu. Ilidumu miaka mingi, na sabuni haikuiweza.

Babu yake, mzee Melitón, alikuwa mtia rangi. Katika mji wao wa Pinotepa de Don Luis, kwenye jimbo la Oaxaca, watu wa ukoo wake walikuwa wakishuka pwani tangu zamani kutafuta konokono wa baharini ambao ute wao hugeuka kuwa zambarau. Mama yake Librada, Otilia, ndiye aliyezifuma nyuzi hizo. Alijifunga mkanda wa kifaa cha kufumia kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya kibaraza, na kutoka hapo zikazaliwa posawanko, nguo za mistari ambazo wanawake wa kwao hujifunga kiunoni.

Asubuhi hiyo Librada alinawa mikono mara tatu kwa ndimu na jivu. Hata hivyo, alipoingia darasani, Fermín, aliyekaa dawati la nyuma yake, alisimama na kubana pua.

"Jamani, fungueni madirisha! Konokono kaingia!"

"Nyamaza, we Fermín. Mdomo wako wenyewe hujaupiga mswaki tangu Pasaka," Librada alijibu.

Darasa lilicheka, naye akacheka nao. Jambo lililomuumiza ni kwamba hakuona kosa la Fermín. Hata yeye mwenyewe alikuwa akijinusa vidole kwa siri na kujionea kinyaa.

Mwalimu Ifigenia aliingia akiwa na habari. "Ijumaa tutakuwa na maonyesho ya nguo," alisema. "Kila mmoja atachagua nguo moja ya nyumbani kwao aichunguze. Nataka mjue nani waliivaa na kwa nini. Nataka mjue kila uzi na kila rangi ilifika vipi hapa kwetu. Na nataka mjue imetengenezwa kwa kifaa gani. Mtayaandika yote kwenye kadi, kadi itakaa mbele ya nguo."

Kisha sauti yake ikapungua. "Bi Amparo atakuja kutoka ofisi inayolinda pwani. Mnajua maana yake."

Walijua. Mwaka uliopita wageni walikuja na nyundo, wakawapasua konokono kwa maelfu ili wakamue rangi haraka, wakaacha marundo ya magamba na nyama yakioza kwenye miamba. Ofisi ikaifunga miamba yote kwa watu wote. Watia rangi kumi na watano wa mji huo, akiwemo mzee Melitón, walikuwa wameomba waruhusiwe kurudi, kwa sababu wao humkamua konokono bila kumuua. Bi Amparo alikuwa anakuja kuona kama kazi hiyo kweli bado ipo au ni hadithi za kuwauzia watalii. Kama asingeridhika, miamba ingebaki imefungwa, na babu yake Librada asingetia rangi tena maishani mwake.

Jioni, wakila maharage na chapati za mahindi, Librada alimuuliza babu yake namna anavyofanya kazi. Alijuta papo hapo.

"Unambandua konokono kwenye mwamba taratibu," mzee Melitón alisema huku akitafuna. "Unampulizia, anajikunja. Kwanza anakukojolea."

"Babu! Tunakula!"

"Sasa mjukuu wangu, si umeuliza? Mkojo wake ni maji matupu, huo unaumwaga. Unangoja. Halafu unatoka ute mweupe kama maziwa, unaupaka kwenye uzi. Juani unakuwa manjano, halafu kijani kama kamasi, halafu zambarau. Konokono unamrudisha kwenye ufa wenye kivuli na maji, asikauke. Unakaa mwezi mzima ndipo umsumbue tena."

Librada alisukuma sahani yake. Alihisi kama ile kijani ilikuwa imemwagwa juu ya maharage.

Baada ya chakula, mama yake alifungua sanduku la mbao. Humo mlikuwa na posawanko mbili zilizofanana kwa mistari. Moja alikuwa ameinunua sokoni kwa ajili ya kazi za kila siku. Ya pili ilikuwa nguo yake ya harusi, ambayo aliifuma mwenyewe kwa nyuzi za babu, na ambayo siku moja angezikwa nayo.

"Chukua hii ya harusi," Otilia alisema. "Haijawahi kutoka nje tangu nilipoolewa. Lakini kwa ajili ya babu yako, itoke."

Librada aliinamia sanduku. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita, lakini harufu iliruka na kumpiga usoni kama kitambaa kilicholowa. Mate yakamjaa mdomoni. Alimwona Fermín akibana pua mbele ya wageni, akaona darasa zima likikimbilia madirishani.

"Sawa, mama," alisema. "Nitaichukua asubuhi ya maonyesho."

Asubuhi ya Ijumaa aliichukua ile ya sokoni. Aliifua kwa sabuni yenye manukato ya waridi, akaianika jikoni karibu na moto, akaikunja ikiwa na joto bado. Kwenye kadi aliandika kwa mwandiko mzuri: *Posawanko hii ni ya harusi ya mama yangu. Zambarau yake ni ya konokono.* Mama yake alikuwa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima, na bado alisoma herufi moja moja kama anayevuka mto kwa mawe. Librada hakufikiri kwamba angeisoma kadi.

"Umeichukua?" Otilia aliuliza kutoka kibarazani.

"Nimeichukua."

Ukumbi wa shule ulijaa nguo na watu. Fermín alikuwa ameleta kofia ya mjomba wake. Alipofika kwenye meza ya Librada, aliinama kwa tahadhari, akanusa, akashangaa.

"He! Konokono leo kaoga!"

Librada alitabasamu. Kwa robo saa hivi alikuwa na raha.

Kisha Bi Amparo akaja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakusifu kitu. Aliinyanyua ile posawanko, akaizika pua yake ndani, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Kisha akalamba kidole chake, akakisugua juu ya mstari wa zambarau, na kukitazama. Kidole kilikuwa na doa la zambarau.

"Waridi," alisema. "Na inachuja rangi. Huu ni uzi wa kiwandani na rangi ya unga. Nguo hii imetoka nyumba gani?"

"Kwa mzee Melitón," mtu alijibu nyuma. "Mtia rangi."

Mzee Melitón alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa anakitazama kile kidole.

"Mtia rangi," Bi Amparo alirudia, na midomo yake ikakunjamana kana kwamba amekula kitu kilichochacha. "Nimesafiri tangu juzi. Kama hiki ndicho familia ya mtia rangi inachokiita konokono, basi sina la kuandika."

Wakati huo Otilia alikuwa amefika mezani. Alitazama ile nguo yake ya sokoni, kisha akaitazama kadi. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Ukumbi ulimsubiri.

"Po-sa-wa-nko... hii... ni ya... ha-ru-si... ya mama... ya-ngu."

Alisoma mpaka mwisho, pamoja na ile sentensi ya konokono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma mbele za watu, na kitu alichokisoma kilikuwa uongo wa mwanawe. Hakumfokea. Alikiondoa kidole kwenye kadi na kukifuta kwenye nguo aliyoivaa, taratibu, kama mtu aliyegusa kitu kichafu.

Librada aliona kile kitendo. Tangu azaliwe alikuwa ameonea kinyaa samaki, ute, mkojo wa konokono na vidole vyake mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumtia kichefuchefu kama hiki. Harufu ya waridi ilimpanda kooni akahisi atatapika.

"Siyo yenyewe!" alisema kwa sauti kubwa. "Babu hana kosa. Mama hana kosa. Mama alinipa ya kweli, mimi nikaiacha kwa sababu inanuka. Naomba mnisubiri!"

Alikimbia hadi nyumbani, akafungua sanduku, akairudia njia akiwa ameibeba nguo ya harusi kifuani bila ndimu puani. Alipoingia ukumbini, watu wa karibu na mlango waligawanyika pande mbili bila kuambiwa. Fermín alifika dirishani kabla ya wote.

"Mama yangu wee!" alisema huku machozi yakimtoka. "Nani kafa?"

Bi Amparo hakucheka. Alilamba kidole, akasugua zambarau kwa nguvu. Kidole kilibaki safi. Akainua nguo na kuinusa, uso wake ukakunjamana wote, akafumba macho, akakohoa. Halafu akainusa tena.

"Sasa niambie," alisema. "Kadi yako nimeitupa. Niambie kwa mdomo wako."

Librada alisimulia. Alisema kwamba uzi mwekundu ni hariri, na kwamba zamani hariri ililetwa na merikebu kutoka upande wa pili wa bahari kuu, kutoka Asia, ndipo akina bibi wakaichanganya na pamba yao. Wekundu wake walitia kwa kusaga wadudu wa dungusi kakati, ule mmea wa miiba. "Ukimminya mmoja anapasuka kama kupe aliyeshiba damu," alisema, na mwili ukamsisimka. Buluu ni ya majani ya mnili, ambayo huozeshwa ndani ya maji mpaka yanuke kama zizi. Siku hizi mashine za mbali hutoa nyuzi laini na rangi za unga kwa siku moja, na wanawake wengi huzivaa kwa kazi, kwa kuwa posawanko ya konokono huchukua miezi. Kisha akafika kwa konokono. Alieleza mkojo, na maziwa, na ile kijani ya kamasi, na kipande cha ndimu.

"Inanuka vibaya," alimaliza. "Mimi naichukia. Naikunja kila siku, na kila siku naichukia."

Bi Amparo alitoa daftari.

"Nimetembelea miji mingi," alisema. "Kila mahali wananiambia zambarau yao ni nzuri kama machweo. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia kuhusu mkojo. Chuki ya namna hii haifundishwi kitabuni. Ni ya mtu anayeishi na kitu chenyewe." Alimgeukia mzee Melitón. "Mzee, unamrudisha wapi konokono ukishamkamua?"

"Kwenye ufa wenye kivuli," mzee alijibu, "na ninamngoja mpaka aushike mwamba."

Bi Amparo aliandika muda mrefu. Wiki tatu baadaye kibali kilifika, chenye majina kumi na matano.

Lakini jioni ya Ijumaa ile hakuna aliyejua hilo. Librada alirudi nyumbani nyuma ya mama yake, akiwa na nguo ya harusi mikononi. Alitamani apigwe yaishe. Otilia aliketi kibarazani na kumwonyesha mahali pa kukaa.

"Unafikiri mimi siisikii hiyo harufu?" aliuliza. "Siku ya harusi yangu nilitapika mara mbili. Baba yako akadhani nimebadili mawazo."

Librada alimtazama kwa mshangao.

"Sikuambii uipende, mwanangu. Kuona kinyaa si kosa. Kosa ulilifanya ulipochukua kinyaa chako ukakifunika kwa uongo, ukauweka uongo huo juu ya jina la babu yako. Uzi wetu unanuka kwa sababu umepita mahali pa kweli, kwenye mikono ya watu wa kweli. Ukitaka kujua nguo imetoka wapi, lazima uvumilie kuinusa. Na ukishajua, sema ulichokikuta, hata kama kinakuaibisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ile kadi siitaki iwe kitu changu cha kwanza kusoma mbele za watu. Niandikie nyingine."

Librada alichukua kalamu. Alipomaliza, Otilia aliweka kidole chini ya neno la kwanza, na safari hii hakuharakishwa na mtu.

"Po-sa-wa-nko hii... ni ya... harusi... ya mama yangu." Akavuta pumzi. "I-na-nu-ka... sana."

Akalisoma neno la mwisho mara ya pili ili ahakikishe, kisha akacheka mpaka mzee Melitón akatoka ndani kuuliza kuna nini.