Spika ya Kushoto

Mwaka 2003 nilioa, na jambo la mwanzo tulilobishania mimi na mke wangu Asila lilikuwa spika.

Mimi mtu wa filamu. Nataka radi ikipiga nitikisike kifua. Asila kalelewa na taarabu, na ana sikio la kusumbua. Tulijaribu spika ndogo za dukani Darajani. Kwenye filamu za mapigano zilitosha. Lakini udi ukipigwa, ulisikika kama mtu anagonga kopo la maziwa. Asila akasema hataki kuishi na kopo. Basi tukatafuta jozi moja ya spika za mbele itakayoweza kazi zote mbili.

Jioni moja, baada ya Alasiri, jirani alinambia kwamba Mzee Rehmtulla wa mtaa wa Kiponda anahamia Kanada kwa wanawe, na anauza vyombo vya nyumba. Ana spika za mbao zinazofika mtu kiunoni. Nikachukua kanda ya taarabu ya Asila, nikachukua na diski ya filamu yangu, nikenda.

Mlango ulifunguliwa na mkewe, Bi Gulshan. Nikamwamkia. Alinitazama tu, kisha akanionesha ngazi kwa kidole.

Juu, Mzee Rehmtulla aliniomba radhi. Mkewe hasemi, miaka mingi sasa. Aliamka asubuhi moja sauti imekwisha. Madaktari wa hapa na wa Bombay wamemtazama, na wote wamesema ulimi ni mzima, koo ni zima. Huku akieleza alikuwa akijifuta midomo kwa leso, akijifuta tena na tena, na midomo yenyewe mikavu.

Nikaweka filamu kwanza. Maneno yakatoka safi, kila herufi mahala pake, na radi ikapita sakafuni chini ya nyayo zangu. Kisha nikaweka kanda. Fidla ilikuwa imesimama pale chumbani, ningeweza kuishika. Nikajua Asila atalia akisikia.

Wimbo ukaisha. Kabla ya wimbo wa pili pana kimya kidogo.

Na katika kimya kile...

Mtu alimeza mate.

Sauti ilitoka spika ya kushoto. Nzito, ya majimaji, kama mtu kaweka koo lake sikioni mwangu. Nikageuka. Bi Gulshan alikuwa amesimama mlangoni, na koo lake lilikuwa linashuka.

Nikangoja kimya cha pili. Ikaja tena, na koo lake likashuka tena.

Nilimwambia Mzee kwamba labda kanda ni mbovu. Alikubali upesi mno. Akanipa sharti moja tu, nisifungue mgongo wa masanduku, kwani upepo ukiingia sauti huharibika. Nami nilijua ni kweli, spika za namna ile huzibwa zisipumue. Fidla ile ilikuwa bado imo kichwani mwangu. Nikazichukua.

Usiku wa mwanzo Asila alilia kweli kwa furaha.

Siku iliyofuata ikaanza harufu.

Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tulitafuta panya aliyekufa, tukavuta kabati, tukamwaga dawa. Haikutoka. Kisha paka wa uchochoroni akaingia dirishani, akenda moja kwa moja kwenye spika ya kushoto, akaanza kulamba kitambaa chake cha mbele. Alilamba kwa raha, amefumba macho.

Nilimfukuza nikagusa pale. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Nilipoondoa vidole vilivuta uzi wa ute, mrefu, vuguvugu, kama udenda wa mtu aliyelala.

Nikanusa vidole vyangu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nilitapika kabla sijafika chooni.

Magharibi ile umeme ulikatika mtaa mzima. Asila aliwasha taa ya chemli, tukakaa, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anapumua.

*Mmm... mmm...*

Sauti ya mtu aliyezibwa mdomo. Kushoto.

"Majid," Asila alinong'ona, "umeme hakuna."

"Naona."

"Basi nani yule?"

Nikatafuta bisibisi. Skurubu zikawa zinanitoka na kuviringika chini ya kitanda. Ubao wa nyuma ulipoachia, harufu ilitoka kwa pamoja, ya moto, ikatupiga usoni.

Asila akasogeza chemli.

Ulikuwa ulimi.

Umeshonwa ndani ya sanduku kwa uzi mweusi, umechomwa sindano zilizoshika kutu. Lakini nyama yenyewe haikuwa imeoza. Ilikuwa nyekundu, imelowa, na ncha yake ilikuwa inakwenda mbele na nyuma, polepole, ikilamba ubao. Pale ilipolamba, ubao ulikuwa umelika, umefanya kishimo laini kilichojaa mate.

Asila aligeuka ukutani, akatapika. Alipomaliza alijifuta, akasema kwa sauti iliyotulia kuliko yangu, "Hiki si chetu, Majid. Kina mwenyewe, yule bibi uliyenambia hasemi. Tumrejeshee."

Nilikata uzi kwa wembe na kuupokea ule ulimi kwa taulo. Ulijikunja kiganjani mwangu kama mtoto anayetafuta pa kulala. Tukautia ndani ya bakuli, tukafunika kwa kawa, kifuniko cha ukili, Asila akashika chemli, tukatoka.

Njia zilikuwa giza. Jirani mmoja kibarazani aliona kawa, akaniuliza kwa mzaha kama tunapeleka chakula kwa wakwe. Nikamwambia ndiyo. Chini ya kawa kitu kilikuwa kinagonga bakuli, kidogokidogo.

Bi Gulshan alifungua mlango kabla hatujabisha.

Hakututazama sisi. Alifunua kawa, akauchukua kwa mikono miwili, akautia kinywani. Hakuutafuna. Tuliusikia unashuka. Mate ya rangi ya waridi yalimtiririka kidevuni mpaka kifuani kwenye gauni, naye akayakusanya kwa kidole na kuyalamba.

Kisha akaita.

"Remu."

Ilikuwa sauti ya msichana. Nyembamba, tamu, sauti ya mtu aliyezoea kuimba.

"Naam," Mzee Rehmtulla aliitika huko juu, kwa mazoea, kama kila mume anavyoitika. Halafu kitu kikaanguka na kuvunjika.

Alitokeza kwenye ngazi na mshumaa mkononi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akanitazama mimi, si mkewe.

"Umefungua," alisema.

"Shuka, Remu," ile sauti ikamwambia. "Nna njaa."

Asila alimkaribia, akamwuliza kwa upole, "Bi Gulshan, u mzima?"

Mwanamke yule akamgeukia na kufunua kinywa, wazi kabisa, kama mbele ya daktari. Mwanga wa chemli ukaingia. Ulimi wake mwenyewe ulikuwa umelala mahala pake, mkavu, umetulia. Chini yake mlikuwa na mwengine, mwekundu, unacheza.

"Gulshan yumo," ule wa chini ulisema. "Kalala."

Tulikimbia. Bakuli tuliliacha palepale.

Walisafiri wiki ile ile. Binamu yangu aliyekuwa kazini uwanja wa ndege alinambia kwamba mke ndiye aliyesema kila neno, akicheka na watu, na mume alikuwa nyuma yake na mizigo, leso ameibana mdomoni. Baadaye wanawake wazee wa Kiponda walimweleza Asila kwamba kabla ya Gulshan palikuwa na msichana mwengine nyumba ile, mchumba wa Rehmtulla, aliyekuwa akiimba mpaka wapita njia wakasimama. Walisema alirejeshwa kwao kwa meli. Lakini aliyemwona akipanda meli hakuna. Asila alipotaka kuuliza zaidi, waliomba chai na kuzungumza mengine.

Masanduku yote mawili niliyapasua kwa shoka, nikayachoma moto.

Mimi na Asila tungali pamoja, na tunapendana. Lakini hulala nimempa mgongo, na yeye amekwisha kuacha kuniuliza sababu. Akishikwa na usingizi kinywa chake hufunguka kidogo, nami siwezi kutazama ndani.