Mjukuu Asiyeandikwa

Mara ya kwanza Anneth alisema ni uchovu tu, na nani angembishia? Tangu Jumatatu alikuwa amechapa programu za misiba minne, na huu wa tano ulikuwa wa kwao. Mama mkwe wake, Bibi Aikaeli, alikuwa anazikwa kesho Nkoaranga. Nakala mia tatu zilitakiwa kanisani kabla ya saa nne asubuhi. Kwenye orodha ya wajukuu aliandika majina kumi na moja. Karatasi ilipotoka kwenye printa yalikuwa kumi na mawili, na lile lililoongezeka halikukaa mwisho. Lilikaa juu kabisa, mahali pa mjukuu wa kwanza: Anande.

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Anande bado yupo. Kwenye kioo cha kompyuta majina yalikuwa kumi na moja vilevile. Akachapa tena. Kumi na mawili. Kaduka kake pale Engutoto, kanakonuka wino na vumbi siku zote, kakaanza kunuka maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo.

Sasa hiyo kompyuta yenyewe, jamani, ilikuwa ya mezani, ya zamani, imenunuliwa ikiwa imeshachoka. Watu wa msiba hawana subira, na mashine ilikuwa inafikiri kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Wiki iliyopita Anneth alimwomba fundi Ephraimu, wa mlango wa tatu, aiongezee kasi. Memori mpya ya kuingia kwenye mashine ile ilikosekana mji mzima, basi Ephraimu akaingia kwenye mipangilio ya ndani, ule ukurasa wa bluu unaotokea kabla mashine haijaamka vizuri, akapunguza namba. Alimweleza kwamba memori ikiulizwa kitu husubiri hesabu fulani ndipo ijibu. Yake ilikuwa inasubiri hesabu tisa, yeye akaiweka saba. Na kweli ikawa nyepesi. Anneth alifurahi siku mbili nzima.

Akampigia simu. Ephraimu akaja saa kumi jioni, ukungu wa Julai umeshashuka mpaka barabarani, akaamkia, akasema ni kirusi. Akatafuta kirusi, hakukiona. Akasema basi ni zile namba, memori ya kizee ukiiharakisha hujibu hata ambacho haikuulizwa. Akaweka programu ya kuipima, wakakaa kuangalia. Mistari myekundu ya makosa ikaanza kujipanga kwenye kioo. Harufu ya maziwa ikazidi, ikachanganyika na majani ya mgomba yaliyolowa.

Halafu ile spika ndogo ya ndani, ambayo maisha yake yote ilijua kutoa mlio mmoja tu mkavu wakati wa kuwaka, ikalia, ikanyamaza, ikalia tena kwa kukatakata kama kitoto kinachokosa pumzi, na Ephraimu akazima swichi, na sauti ikaendelea, akachomoa waya ukutani, akabaki ameushika mkononi, na sauti ikaendelea bado, chini kwa chini, ikitoka ndani ya boksi lisilo na umeme, mpaka Anneth, bila kujua anafanya nini, akaweka kiganja juu ya lile boksi na kulipigapiga taratibu, na hapo ndipo iliponyamaza.

Ephraimu akauweka waya chini. Akanong'ona, "Mama Calvin. Anande ni nani?"

Anneth hakuwa na nguvu ya kudanganya. Akamwambia ni mwanawe wa kwanza, kabla ya Calvin, aliishi siku tisa. Mchungaji hakuwahi kufika kumbatiza. Bibi Aikaeli alimchukua mwenyewe, akamzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, bila msalaba, akasema mtoto huyo hayupo tena na asitajwe. Na hakutajwa. Mume wa Anneth, Melkizedeki, alipofariki, Anneth ndiye aliyeichapa programu yake, kwa kompyuta hiihii. Aliandika Anande, Bibi akasoma, akamwambia futa. Akafuta.

"Na kesho likitokea?" Ephraimu akauliza.

Kesho likitokea litasomwa mbele ya ukoo wote, juu ya jeneza la yule aliyelikataza. Shemeji yake Abdiel alishamwonya: akileta aibu yoyote msibani, kile kishamba cha kahawa alichoachiwa na mumewe asikihesabu tena. Na kwenye kishamba hichohicho ndimo ilimo ile migomba.

Ephraimu akarudisha waya ukutani. Akafungua ukurasa wa bluu huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, anakosea maneno, akazipandisha namba moja moja mpaka tisa. Akapima upya. Hakuna mstari hata mmoja mwekundu. Akachapa karatasi, akaisoma kwa kidole, majina kumi na moja. Duka likanuka wino na vumbi. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hayupo tena, mama," akasema. "Chapa ukalale."

Akaaga. Hakujua amesema nini, maskini, alitaka kumfariji tu. Lakini Anneth aliyasikia yale maneno kwa sauti ya Bibi Aikaeli. Akabaki ameikodolea macho ile orodha safi. Alikuwa amechoka, si kwa misiba mitano wala kwa kukaa kwenye kiti. Alichoka kuitwa Mama Calvin miaka ishirini na minne na kuitika.

Akaweka mshale juu ya orodha. Mashine ikasubiri, kizee kama zamani. Herufi moja moja, kwa vidole vyake mwenyewe, akaandika Anande. Akatafuta mahali palipoandikwa wakwe, akafuta Mama Calvin, akaandika Mama Anande. Akabonyeza mia tatu.

Printa ikaanza kutema karatasi. Ya hamsini ilipotoka, ile harufu ya maziwa ikarudi, na kitu kidogo, kizito kiasi cha mtoto wa siku tisa, kikajilaza mapajani mwake. Kilikuwa na joto. Anneth alijua angetakiwa kupiga kelele, au kukemea kwa jina la Bwana, au kukimbilia kwa Ephraimu. Akavuta kanga, akakifunika baridi isikipate.

"Tulia," akakiambia. "Kesho tunaenda wote."