Vidole Vigeni kwenye Kibodi ya Arvid

Hapakuwa na maiti, na hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Thea Roszak. Kulikuwa na barua kwenye skrini, gari tupu kando ya ziwa, na baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri.

"Lorna, nimechoka. Nakwenda kwenye barafu. Usinitafute."

Aliyetoweka alikuwa Arvid Pelkonen, mwandishi wa riwaya, umri miaka sitini na mitatu. Mkewe Lorna, muuguzi, alirudi asubuhi kutoka zamu akakuta kitanda hakijalaliwa. Sasa ilikuwa saa saba mchana, na nusu ya polisi wa mji wa Duluth walikuwa ziwani wakitoboa barafu.

"Mume wangu hajafa," Lorna alisema. Bado alikuwa na sare ya hospitali. "Na huo upuuzi hakuuandika yeye."

"Umejuaje?"

"Nimekaa naye miaka thelathini na mmoja, Inspekta. Huyu bwana akiandika orodha ya vitu vya dukani anajaza kurasa mbili. Leo aniage kwa sentensi tatu?"

Roszak alitaka sana kumwamini. Lakini wake wengi husema hivyo, na wengi huishia kuitwa kutambua mwili.

Sajenti Beaulieu aliweka simu mfukoni. "Afande, maabara wanasema mtaalamu wao wa kompyuta atafika saa kumi na moja."

"Saa kumi na nusu jua linazama. Kama mtu huyu amefungiwa mahali, usiku wa pili hauwezi. Nitafutie yeyote anayeijua hii mashine, sasa hivi!"

Aliyepatikana alikuwa Ottilie Krug, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila Jumatano yeye, Arvid na mtu wa tatu, Wendell Strand, walikutana maktaba kuandika. Kusema kweli, walikutana zaidi kutambiana. Wote walitumia kihariri kimoja, programu ya kuandikia, kile kisichotaka kipanya, kila kitu kibodi tu. Huyu analeta programu-jalizi, kiprogramu cha kuongezea, ya kuhesabu maneno, yule ya kufifisha kila sentensi isipokuwa ile unayoandika, mwingine ya kukuonya ukirudia neno. Kahawa inapoa wakitengeneza. Kuandika kwenyewe kunafuata kama muda umebaki.

Ottilie aliketi, akavaa miwani. "Aliyeandika hii barua aliifutafuta?"

"Tutajuaje?"

"Arvid ana programu-jalizi ya historia. Inatunza kila herufi iliyoandikwa, hata iliyofutwa. Subiri."

Alibonyeza vitufe viwili. Barua ikaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Roszak aliinama. Mwisho wa kila sentensi palikuwa na herufi mbili zisizo na maana, j na k, kisha zikafutwa. Mara tatu.

Ottilie akairudisha barua mwanzo, akaitazama tena.

"Sema, mama. Muda hatuna."

"Kihariri hiki kina hali mbili. Ya kuandika, ambapo herufi ni herufi. Na ya amri, ambapo herufi zilezile zinafuta mistari, zinahifadhi, zinaruka kurasa. Kutoka kwenye kuandika kwenda kwenye amri unabonyeza kitu, na kila mtu hujichagulia chake. Arvid viganja vinamuuma, anatumia kitufe kimoja cha pembeni. Mwingine anachagua herufi mbili za harakaharaka. Vidole vikishazoea, havikuulizi tena."

"Na ukikaa kwenye mashine ya mwenzako?"

"Mashine haijui mazoea yako. Herufi zinabaki kwenye maandishi kama uchafu. Yametupata sote."

Roszak alitazama saa. Basi hakuandika Arvid. Basi ziwani wanatafuta bure, na saa zinakimbia.

"Nani anatumia j na k?"

"Sijui. Hatuangaliani vidole, Inspekta. Ni kama kuchungulia mswaki wa mtu."

"Na wewe?"

Ottilie aliinua uso, akaelewa kwamba naye anashukiwa. "Mimi natumia mikato miwili. Nipime."

Wendell Strand alifika saa nane na robo, mwanamume mrefu wa miaka hamsini, theluji ikimdondoka mabegani. Alimkumbatia Lorna. Alisema maskini Arvid mara mbili kabla hajavua kofia.

"Nahitaji maelezo yenu kwa maandishi," Roszak alisema. "Lini mlimwona, alisema nini. Andikeni hapa hapa."

"Kwenye kompyuta yake?" Wendell aliuliza. "Si ushahidi hiyo?"

"Alama za vidole tumeshachukua. Keti."

Ottilie alianza. Baada ya sentensi ya pili mikato miwili ilijitokeza, akaifuta huku akilaani. Beaulieu aliandika kwenye daftari lake.

Wendell alipoketi, aliandika polepole, kidole kimoja kimoja, kama anayeandika mara ya kwanza maishani.

"Bwana Strand, ndivyo unavyoandika siku zote?"

"Nina huzuni, Inspekta."

"Wote tuna huzuni. Andika kama mtu mzima! Uliachana naye saa ngapi?"

"Saa kumi na moja..."

"Andika, usiniambie. Wapi? Alivaa nini? Alikwenda upande gani? Haraka bwana, kuna mtu anaganda huko nje!"

Vidole vikakimbia. Sentensi ya kwanza, nukta. Ya pili, nukta. Na pale, mbele ya macho yao wanne, j na k.

Wendell aliondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza. Kisha Ottilie akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, Wendell."

"Yuko wapi?" Roszak aliuliza.

"Sielewi unaongelea nini."

"Barua hii umeiandika wewe. Historia ya kihariri ninayo. Ufunguo wa nyumba umeutoa kwake, na gari lake umelipeleka ziwani wewe. Akifa leo, kesi yako inaitwa mauaji. Akiishi, inaitwa kitu kingine. Yuko wapi?"

Wendell alijaribu kumtazama Lorna, akashindwa.

"Kwenye kibanda changu cha mapumziko, kaskazini, maili ishirini. Nimemfungia ndani ya sauna, kile chumba cha kuoga mvuke."

"Ina moto?"

Wendell alitikisa kichwa. Lorna alitoa sauti ambayo Roszak asingependa kuisikia tena.

Beaulieu alikwisha fika kwenye redio. Gari la doria lililokuwa karibu lilihitaji dakika kumi na tano. Roszak alimfunga Wendell pingu, akavuta kiti mbele yake. Kungoja kulimchoma, na alijua njia moja tu ya kungoja.

"Kwa nini?"

"Ile programu-jalizi ya kufifisha sentensi, niliitengeneza mimi, nikawapa wote." Alizungumza akiangalia sakafu. "Kila Arvid alipohifadhi ukurasa, nakala ilikuja kwangu. Jumanne iliyopita Arvid aliifungua hiyo programu-jalizi, akasoma maagizo yaliyomo, akagundua. Miaka mingi wamepokea vitu vyangu bila kuvikagua, na mara hii moja akakagua."

"Ukafanya nini na kurasa zake?"

"Nimeshaziuza kama riwaya yangu. Mchapishaji amesaini."

"Wewe si mwandishi?"

Wendell alicheka bila furaha. "Nina kihariri bora kuliko yeyote mjini hapa. Rangi, vitufe, njia za mkato, kila asubuhi kwa miaka kumi na minne nakirekebisha. Sijawahi kumaliza sura moja. Unakaa, unasema ngoja kwanza nirekebishe hiki kidogo, halafu nianze. Basi siku zimekwisha."

"Ukaandika barua ili asitafutwe. Lakini hukumuua. Kwa nini?"

Wendell aligeuza mikono ndani ya pingu.

"Sura ya mwisho ilikuwa haijaandikwa. Mchapishaji anaitaka mwisho wa mwezi. Nilimwachia karatasi na kalamu, nikamwambia akimaliza nitamletea kuni."

Ottilie aliinuka akaenda kusimama ukutani, mbali naye kadiri chumba kilivyoruhusu.

Redio ikakoroma. Beaulieu aliisogeza sikioni, akasikiliza huku ameshika ukingo wa meza.

"Wanaona moshi," alisema. "Moshi kwenye bomba la sauna. Wanavunja mlango." Akasikiliza tena. "Yu hai. Vidole viwili vimeganda vibaya, lakini anaongea. Alikuta kiberiti, amechoma mabenchi yote ya humo ndani."

Lorna aliketi sakafuni na kulia kwa sauti, na Roszak, ambaye hakuwa mtu wa kugusa watu, alipiga magoti akamshika.

Nyuma yao Wendell aliinua kichwa.

"Na karatasi?" aliuliza. "Ameandika?"

Beaulieu alimtazama kwanza, kisha akauliza kwenye redio. Jibu lilichukua nusu dakika.

"Zote amewashia moto," alisema.