Fundi Alivyopanda Ghorofa ya Nne

Haya ninayosimulia ni kweli tupu. Nikidanganya, miwani hii inipasukie usoni.

Shemeji yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini amekalia kiti kimoja, mpaka kiti kimeshika umbo lake. Matembezi yake ni kutoka kwenye cherehani hadi kwenye pasi.

Binti yake alipojifungua, Fundi alikwenda kumwona mjukuu. Binti anakaa ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Ghorofa ya pili pumzi zikamwishia. Akaketi kwenye ngazi, jasho linamtiririka. Ikabidi mtoto ateremshwe kama mzigo wa posta. Fundi akampakata dakika mbili, mtoto akalia, akarudishwa juu.

Fundi akarudi nyumbani bila kufika juu. Kesho yake dada yangu, yaani mkewe, akampeleka zahanati.

"Moyo mzima, presha nzuri," daktari akasema. "Mwili ndio umezoea kukaa. Tembea, lakini anza kidogo kidogo."

Mtaani kwetu kuna kikundi cha matembezi. Hukutana Jumamosi asubuhi mbele ya maktaba. Kiongozi wao ni nesi mstaafu. Nilimpeleka Fundi. Akaja na suti aliyojishonea na viatu vipya vya ngozi.

"Fundi, tunaenda kutembea au kuoa?" Nesi akauliza.

"Wateja wakiniona nimevaa ovyo, nani ataniletea kitambaa?"

Akatutangulia kama anafukuzwa na nyuki. Darajani tukamkuta ameketi ukingoni, viatu mkononi, visigino vimechubuka.

"Mimi basi," akasema. "Mjukuu nitamwona akijua kushuka ngazi mwenyewe."

Nesi akachuchumaa kando yake. "Ulikuwa unakimbilia nini?"

"Nilitaka nisiwe wa mwisho."

"Sikiliza, baba. Tembea mwendo unaokuruhusu kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, simama, useme. Vaa viatu vilivyozoea mguu. Nyumbani tembea dakika kumi kila siku. Wiki ijayo ongeza tano. Na hapa kwetu, mwenye mwendo wa polepole ndiye anayekaa mbele. Hakuna wa kumpita."

"Kwa hiyo nawaongoza nyote?"

"Sote. Ila uongee, tukusikie."

Kumwambia Fundi aongee ni kumwambia samaki aogelee. Jumamosi iliyofuata alivaa raba kuukuu. Akaanza habari za mteja anayetaka suruali imbane akisimama na ilegee akila. Fundi akinyamaza, sote tunasimama. Akiendelea, tunaendelea. Wiki ya tatu tukafika bustanini. Wiki ya kumi tukapanda kilima chenye mnara wa simu, na suruali ya yule mteja ilikuwa bado haijaisha kushonwa.

Tuliposhuka, Fundi akasema, "Leo nakwenda kwa binti yangu."

Tukamfuata. Ghorofa ya kwanza, anaongea. Ya pili, anaongea. Ya tatu akapunguza mwendo, akashika ukuta, lakini mdomo haukusimama. Ya nne, mlango ulikuwa wazi. Binti alishaisikia sauti.

"Baba, umepanda mwenyewe?"

"Maswali baadaye. Nipe mtu wangu."

Akambeba mjukuu hadi dirishani, akamwonesha barabara yote tuliyopita. Mtoto akamkamata pua, akagoma kuiachia. Kikundi kizima kikapiga makofi ukumbini.

Ngazi mia tatu, wasomaji wangu. Na mimi nyuma yake, hatua kwa hatua.

Hapo dada yangu, aliyekuwa anasoma juu ya bega langu, akagonga meza.

"Mia tatu? Ngazi ni sitini na nne, nilizihesabu. Na wewe ulibaki ghorofa ya pili, eti unafunga kamba za viatu. Ulikuwa umevaa ndala."

"Dada, nimeongeza chumvi kidogo tu."

"Basi utailipia. Viazi vya binti viko jikoni. Vipeleke, mpaka juu."

Ndiyo kwanza nimerudi. Nilipumzika mara tatu. Dada yuko hapa, anasema niandike ukweli.

Mara saba.