Namba Saba Yaja Kusini

Lynette ndiye aliyeiona kwanza, saa nne asubuhi.

"Alwi, nani ame-switch on namba saba?"

Alwi aliinamia kompyuta. Kazi yao pale Saint Paul ilikuwa kuchunguza anga la juu la ncha ya kaskazini. Anga likichafuka, mawimbi ya setilaiti hutetemeka, na vipokezi vinane walivyosimika kwenye barafu huandika kila mtetemo. Lakini namba saba ilirudishwa Novemba pamoja na maiti ya Muriuki, mwenzao aliyefia huko barafuni. Ilikuwa stoo, haina hata betri.

"Inasema iko kwa barabara," Lynette alinong'ona. "Huku kwetu Minnesota."

Alipobaki peke yake, Alwi alifungua kumbukumbu za nyuma. Kwenye ramani, namba saba ilianza safari siku Muriuki alipozikwa. Ilitoka kwenye kibanda alimofia, ikashuka kusini maili ishirini na tano kila siku, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Hakuna aliyejua siri ya Alwi. Hita ya kibandani ilipozimika, Muriuki alimpigia simu mara tatu akiomba ndege ya kumwokoa. Wiki ile ile Muriuki alikuwa amepewa cheo alichokitamani Alwi. "Acha baridi imfunze adabu," Alwi alijisemea, akamkatia simu, kisha akafuta rekodi za simu zote tatu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, namba saba ilifika Frogtown, mtaani kwake. Alwi alisimama jikoni, jua linang'aa juu ya theluji, akasikia theluji ikikanyagwa pole pole kuzunguka nyumba, na meno yakigongana, na harufu ya nyama iliyotoka friza ikapenya chini ya mlango, ikamjaa puani na kooni mpaka akashindwa hata kuipata bismillahi, akatoka mbio bila koti.

Alikimbilia kwa Maalim Alamin, aliyekuwa na duka la vitambaa University Avenue, na nyuma ya duka aliwasomea wagonjwa dua. Alitia ubani, akasoma, kisha akanyamaza katikati ya aya.

"Mwanangu, jini ningemtoa. Huyu ana haki kwako. Nenda kwa watu wake ukaseme kweli."

Philister, mjane wa Muriuki, alikuwa nyumbani Brooklyn Center, ndiyo kwanza ametoka kazini hospitalini. Alimkaribisha sebuleni. Alwi alisema yote, macho chini.

"Nisamehe, shemeji."

Philister hakulia. "Simu ya tatu alisema nini?"

"Alisema hasikii tena miguu. Akaniambia, 'Mwambie Philister...'"

"Aniambie nini?"

"Sijui. Nilikata simu."

Nje, upande wa nyuma, theluji ilianza kukanyagwa, hatua kwa hatua, ikikaribia, na madirisha yote ya sebule yakaota barafu kwa ndani.

"Shemeji, tutoke kwa mlango wa mbele. Nakuomba."

Philister aliinuka. Alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni mwa sare yake ya uuguzi. Kisha akaenda jikoni, akafungua mlango wa nyuma wazi kabisa.

"Ingia, baba watoto," akasema kwa upole. "Yuko hapa. Leo atakusikiliza mpaka umalize."